Kwa mnaoanza zamu ya habari za kimataifa: kurithi kiti si kuvikwa taji

Wadogo zangu, juzi nimeikuta tena kwenye skripti: "Mfalme Frederik X wa Denmark, aliyevikwa taji Januari 2024." Jamani! Denmark hawajamvika mfalme taji tangu karne ya 19. Tarehe 14 Januari Malkia Margrethe II alitia saini ya kung'atuka, kisha waziri mkuu akamtangaza mwanawe kwenye roshani ya kasri la Christiansborg. Basi. Nawapenda, ndiyo maana nayaandika haya badala ya kugomba.

1. Kitenzi "kutawazwa" kishikeni kwa mikono miwili. Kwetu kinabeba kushika kiti na kuvikwa taji kwa pamoja, na hapo ndipo nilipoanguka. Ilikuwa tarehe 8 Septemba 2022, niko zamu peke yangu. Kifo cha Malkia Elizabeth II kilitangazwa saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, na taarifa yetu ya habari ni saa tatu kamili. Nikaandika mbio: "Mwanamfalme Charles atakuwa mfalme pindi atakapotawazwa." Mtangazaji akaisoma vile vile, kwa sauti yake nzito, na mimi nikaona nimemaliza kazi.

Haikupita robo saa simu ya studio ikalia. Mzee mmoja, mpole kabisa: "Mwanangu, kwa hiyo usiku huu Uingereza haina mfalme?" Nikaanza kujitetea. Akanisubiri nimalize, akasema, "Huyu mama alishika umalkia akiwa hapa Kenya, Februari 1952. Taji alivikwa lini?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu nalijua tangu shule: Juni 1953. Charles alikuwa mfalme tangu mama yake alipokata roho. Taji la Mei 2023 lilikuwa ibada. Tulisahihisha saa nne, lakini wa saa tatu walishasikia. Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye droo, neno "pindi" nimelizungushia wino mwekundu.

2. "Kung'atuka" ni neno zuri, litumieni kwa Beatrix wa Uholanzi, 2013, au Juan Carlos wa Hispania, 2014. Uingereza hajang'atuka mtu tangu Edward VIII, 1936.

3. Kabla ya kuandika "mtoto wa kiume ndiye mrithi", tazameni sheria ya nchi na tarehe ya kuzaliwa. Uingereza, Charlotte, binti wa Mwanamfalme William, hakurukwa na mdogo wake wa kiume Louis kwenye foleni ya kiti. Norway walibadili sheria mwaka 1990, lakini kwa waliokwisha kuzaliwa mwanamume akabaki mbele, ndiyo maana Haakon yuko mbele ya dada yake Märtha Louise. Hispania mwanamume bado anatangulia. Leonor ni mrithi kwa kuwa hana kaka wala mdogo wa kiume. Monaco, Gabriella alizaliwa dakika mbili kabla ya pacha wake Jacques, na mrithi ni Jacques.

Na Sweden, tafadhali, msiandike kwamba Victoria, binti mfalme aliye mrithi, "alimnyang'anya" kaka yake kiti. Kwanza Carl Philip ni mdogo wake. Pili, sheria ilibadilika tarehe 1 Januari 1980, baba yao akiwa hataki, na yule mtoto aliyekuwa mrithi alikuwa na miezi saba, bado yuko mikononi mwa mama yake.