Anti, maksi sawa, ila mmoja "kichwa" mwenzie "anajitahidi"

SWALI: Anti shikamoo. Nina mapacha wa miaka sita, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wako la kwanza darasa moja. Juzi betri za rimoti ziliisha, Doto ndo akazitoa, akaweka mpya, akaangalia alama mwenyewe, baba yao anarudi anakuta tv inawaka anasema "Kulwa ushakuwa fundi mwanangu!" na Kulwa alikuwa nje hata habari hana. Hesabu wote wamepata 18 kwa 20, mama mkwe anasema Kulwa ana kichwa, Doto anajitahidi. Sasa imeletwa baiskeli, ya Kulwa tu, eti Doto ataumia. Nikiongea naambiwa nimeanza haki sawa zangu. Au kweli nakuza mambo? – Mama Mapacha, Mbagala

JIBU: Marahaba mama. Hukuzi chochote. Maksi zilezile, mmoja anaambiwa kazaliwa nazo, mwenzie anaambiwa kazitolea jasho, na watoto wanasikia hiyo tofauti vizuri kuliko tunavyodhani.

Ila usimwone bibi mshamba. Mwaka 2000 ulitoka utafiti New York, watoto wa miezi 11 wanaotambaa, ukawekwa ubao wa mteremko unaopanda na kushuka, kila mama akaambiwa auweke pale anapodhani mwanae ataweza kushuka. Mama wa wavulana wakazidisha, mama wa wasichana wakapunguza, afu watoto walivyoachiwa washuke wenyewe wakawa sawa tu, wa kike na wa kiume. Na hao ni mama zao kabisa, wanaoshinda nao kutwa! Ndo baiskeli yenu hiyo: Doto hapewi kwa sababu hawezi, hawezi kwa sababu hapewi, akifika miaka kumi hajui kuendesha wakubwa wanasema si tulisema.

Kuhusu hicho "kichwa", wako kwenye umri wenyewe. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani, watoto wanasimuliwa habari za mtu mwenye akili sana sana, hawaambiwi ni mke au mume, wanaoneshwa picha wachague ni nani. Wa miaka mitano kila mmoja anavutia kwao, kuanzia sita wasichana wakaanza kupungua kuchagua wanawake. Wakiulizwa nani anapata maksi nzuri darasani, hapo bado wanawataja wasichana wenzao, yani maksi wanajipa ila akili wanamwachia mwanaume, maneno ya mama mkwe wako yaleyale na wala hawajawahi kumwona.

Na Kulwa naye anaonewa, watu hawalioni hili. Mtoto akishaitwa fundi kwa kazi asiyoifanya, siku rimoti ikimshinda kweli atasemaje mbele ya baba? Ataiacha tu aseme mbovu.

Sasa mume usimhubirie. Siku nyingine akimsifia Kulwa, we mwite Doto, "hebu muoneshe baba ulivyofanya," mpe betri azitoe na kuzirudisha baba anaangalia, basi, usiongeze neno. Baiskeli iwe ya zamu, na anayeshika siti nyuma awe baba mwenyewe, mana mtu akishamfundisha mtoto kwa mkono wake haoni raha kusema hawezi. Mama mkwe mpe heshima yake, mpelekee daftari la Doto, muombe amuulize "hili umelipataje mjukuu wangu?" Akisikia mtoto anavyoieleza hesabu hatua kwa hatua, hilo neno kujitahidi litamkwama mwenyewe.

Ila kuna kitu hujaniandikia, dukani unamtuma nani na vyombo anaosha nani? Chenji ya dukani nayo ni hesabu mama, wabadilishe zamu wiki hiihii.