Gofu ya kulipwa: maswali yenu ya wiki hii

Mimi ni kedi (mbeba begi la fimbo za mchezaji) Nyali, nina miaka 22. Siku zetu za kucheza makedi nawashinda wenzangu wote. Nikiingia gofu ya kulipwa, mshahara unaanzia ngapi?

Mshahara hakuna, mdogo wangu, na nataka ulijue hilo kabla hujajaza fomu. Mashindano makubwa ni siku 4, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku 2 kuna mchujo. Kwenye Kenya Open, ambayo tangu 2019 iko chini ya European Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa wa Ulaya (siku hizi DP World Tour), wanabaki 65 wa kwanza na waliofungana nao. Aliyechujwa hapati hata senti, na nauli, chumba, chakula na ujira wa kedi wake vyote ni juu yake. Mshindi naye huondoka na kama asilimia 17 ya fungu lote la zawadi.

Chukua daftari. Sema utasafiri mara 10 kwa mwaka na kupita mchujo mara 3. Je, hizo 3 zitalipia zile 7? Mpaka jibu liwe ndiyo, usiache kubeba mabegi, na jifunze kufundisha wanaoanza, maana kazi hiyo ina malipo ya uhakika. Kipaji unacho, sikikatai. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianzia hapo ulipo. Ninachoogopa ni kuona kijana mzuri akiuza fimbo zake mwaka wa pili kwa sababu ya deni la nauli.

Binti yangu yuko kidato cha pili, gofu imemteka. Kampuni moja inataka kumpa vifaa. Akivipokea, si ndiyo basi tena kwenye gofu ya ridhaa?

La, mama. Sheria zilibadilika Januari 2022: mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kufadhiliwa. Kinachombana ni zawadi. Pesa taslimu anaweza kuchukua kwenye mashindano yasiyotumia handikapu (mapigo ya nafuu anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake) tu, tena zisizidi dola 1,000. Avipokee vifaa, ila karatasi ya makubaliano uisome wewe mwenyewe, mstari kwa mstari.

Shule asiache. Vyuo vya Marekani huwalipia karo wasichana wanaocheza vizuri, na alama za darasani huangaliwa pia. Kenya Ladies Open ikichezwa tena Vipingo, mpeleke akaone kwa macho yake. Aditi Ashok wa India alishinda pale 2023, Shannon Tan wa Singapore akashinda 2024.

Kuna Mkenya aliyewahi kushinda Kenya Open?

Bado, tangu yaanze mashindano hayo 1967. Jacob Okello alikaribia mno 1998: alifungana na Ricardo González wa Argentina, wakaongezewa mashimo, akashindwa. Bado inaniuma.

Nairobi mpira wangu unaruka mbali, nikirudi klabu ya Mombasa unadondoka mapema. Nimeharibika mkono?

Mkono wako mzima. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi, mpira hupata karibu asilimia 10 ya ziada. Hapa kwetu hewa ni nzito, halafu kuna upepo. Kusi likivuma usoni, wengi hukosea kwa kupiga kwa nguvu zaidi. Ukipiga kwa nguvu mpira huzunguka sana kinyumenyume, hupanda juu, na upepo huushika huko huko. Chukua fimbo ndefu zaidi, shika chini kidogo, piga polepole.

Niliwahi kumtazama kedi mmoja wa makamo pale upande wa baharini. Bosi wake alishachomoa fimbo namba 8. Mzee aling'oa majani mawili matatu, akayaachia usawa wa kifua, yakamrudia na kunata kwenye shati lililolowa jasho. Hakusema neno. Aliipokea namba 8, akampa namba 6, ambayo ni ndefu zaidi na hupeleka mpira mbali zaidi, na mpira ukatua hatua tatu kutoka kwenye bendera.