Mzee wako asiseme neno

Dada, umeuliza kama katuni yako ya dakika 5 kuhusu mzee mpweke wa Mji wa Kale hapa Mombasa inahitaji msimulizi. Kwangu mimi, hapana. Msimulizi akishasema mzee ni mpweke, mtazamaji hana kazi tena.

Itazame katuni fupi La Maison en petits cubes ya Kunio Kato wa Japani, ya 2008. Maji yanapanda, mzee anajenga chumba juu ya chumba. Kiko chake kinatumbukia, naye anavaa nguo za kuzamia kukifuata. Kila chumba anachoshukia anakuta maisha yake na mkewe. Dakika kama 12, hakuna mazungumzo. Mwisho anamimina mvinyo glasi mbili. Hapo mimi hulia kila mara.

Sasa wako: mweke barazani alasiri. Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vinalia mkononi. Mzee ananyoosha vidole viwili kama alivyozoea, halafu anakunja kimoja. Tafadhali usiharakishe hapo! Sekunde moja ni picha 24, lakini mtu akitulia unarudia mchoro uleule, kwa hiyo hata mfuko hauumii.

Na kinachomtenga na watu kionekane. Labda masikio yamepungua: vijana wanamwamkia shikamoo, haitikii, wanadhani ana maringo. Mitaani kwetu hilo lipo sana. Tunaposikia kwa masikio yake, punguza sauti zote. Michoro ya awali ikiwa tayari nitumie, nitaitazama kwa furaha.