Ridi Iliyoimba Kyela Imegoma Uyole

Swali: Shikamoo mwalimu. Napuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya kanisa. Mwezi wa tatu nimehamia Uyole nikitokea Kyela. Kule ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni mwa saksafoni, namba 3 ilikuwa inaitika vizuri. Huku inagoma, hasa ibada ya kwanza, natoa upepo mtupu. Ridi tunaagiza Dar na bei inauma. Kuna fundi ananishauri nichonge mwenyewe kwa mwanzi wa ulanzi. Nifanyeje?
Mpulizaji, Uyole

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo fundi, maana ujanja wake niliujaribu zamani. Nikiwa kijana Iringa nilipasua mwanzi wa ulanzi, nikauchonga kwa wembe na msasa jioni tatu mfululizo. Nilipopuliza, mama alitoka jikoni kuuliza nani kamkanyaga bata. Nyuzi za mwanzi ule ni ngumu mno, ukiipunguza ncha hadi iwe nyembamba haitetemeki sawasawa, inapasuka. Matete ya mtoni nayo ukuta wake ni mwembamba, hupati nyama ya kuchonga. Ridi za dukani hutoka kwenye tete nene liitwalo Arundo donax, na linalosifika zaidi hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa. Huachwa shambani kama miaka miwili, likikatwa huanikwa juani mpaka lishike rangi ya dhahabu. Ulanzi tuuache kwa wanywaji.

Sasa ugomvi wako. Kyela ipo karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini, ambako ndiko Uyole, ni kama 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ridi ile ile utaihisi ngumu mdomoni kuliko ulivyoizoea. Mapafu yako hayana kosa. Shuka hadi namba 2½, iliyo laini zaidi, na usimwonee aibu mwenzako anayejisifia namba 4. Ukubwa wa namba si cheo.

Halafu kuna ukavu. Kuanzia mwezi wa tano mvua ikikatika, ridi hukauka na ncha yake hujikunja kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Ielekeze dirishani uitazame ubavuni: ukiona mawimbi, iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika moja au mbili, kisha ilaze juu ya kioo na uisugue taratibu kwa kidole gumba kuelekea nchani. Kioo kidogo cha kujitazamia kinatosha, na hapo hapo juu ya kioo ndipo ilale ukimaliza kupuliza. Wengi wanaiacha imefungwa kwenye mdomo wa saksafoni mpaka Jumapili ijayo, wakija kuifungua imeota ukungu. Uwe nazo nne, uziandike namba kwa penseli, uzipokezanishe, utashangaa zinavyodumu. Na tafadhali, usipulize ukiwa umetoka kunywa chai ya sukari na andazi. Suuza kinywa kwanza.

Asubuhi ya baridi, pulizia saksafoni pumzi ya joto bila kutoa sauti kabla hamjaanza. Ikiwa baridi sauti yake hushuka, na mpiga kinanda atakutazama wewe, si hali ya hewa.

Swali: Mwalimu, klarineti yangu ya mbao imepata ufa Julai hapa Mafinga. Ni mbao mbovu?
Msomaji, Mafinga

Jibu: Pole. Klarineti nyingi za mbao ni mpingo, mti unaoota hata huku kwetu Kilwa na Lindi, na ubora wake hauna shaka. Tatizo ni pumzi: ndani kunapata joto na unyevu ghafla huku nje kukiwa bado baridi, mbao inavutana yenyewe kwa yenyewe. Ikumbatie chini ya koti robo saa kabla ya kupuliza, na katikati ya mazoezi pitisha kitambaa ndani. Ufa wenyewe mpelekee fundi wa ala mapema, kabla haujafika kwenye tundu la kidole.