Nipige Simu au Ninyamaze? Ninavyoamua Kutoa Taarifa za Dereva Hatari

Kwa zaidi ya miaka 10 nimekuwa nikisafiri kwa basi kati ya Makambako, ninakoishi na kufundisha, na Dar es Salaam, wanakoishi wazazi wangu. Katika safari hizo nimepiga simu mara tatu kutoa taarifa za dereva aliyekuwa akihatarisha maisha yetu, na mara moja, ambayo imenifundisha kuliko zote, sikupiga. Walimu wenzangu ambao nao husafiri kila likizo huniuliza nilipata wapi ujasiri, na kama si unoko kumchongea mtu anayetafuta riziki. Haya ndiyo majibu yangu kwao, na nitaanza na ile safari ambayo sikupiga.

Ilikuwa Desemba 2018. Kiti changu kilikuwa nyuma ya dereva kabisa. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, nacho hutoa mlio mkali dereva anapopitiliza kiwango. Sheria ya Usalama Barabarani inamruhusu dereva wa basi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi ya watu, na 50 ndani ya makazi. Mlio ule tulianza kuusikia tangu Chalinze, konda akaongeza sauti ya runinga mpaka nyimbo zikaufunika. Tulipofika Ilula dereva wetu akaanza ligi na basi jingine lililokuwa likielekea Mbeya, wakawa wanapitana kwenye kona, na vijana wa viti vya nyuma wakishangilia kila tulipolipita. Nilimwita konda nikamwomba amwambie dereva apunguze mwendo. Akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, kama unaogopa ungepanda treni ya TAZARA." Basi zima likacheka, na kicheko kile ndicho kilichonifunga mdomo kwa kilomita zaidi ya 100 zilizofuata.

Tulipoimaliza Mafinga na kuingia kwenye misonobari ya Sao Hill, jua lilikuwa linazama na manyunyu yameanza. Kabla ya Nyololo niliona tawi bichi la mti limelazwa kwenye lami, kisha la pili, kisha la tatu, kama ilivyo desturi ya madereva wa malori wanapoharibikiwa. Dereva wetu hakuyaona, kwa kuwa alikuwa akilitazama lile basi jingine kwenye kioo cha pembeni. Lori alilitambua tukiwa karibu mno, akakata usukani kulia, na ubavu wetu wa kushoto ukakwaruzana na kona ya nyuma ya lori, vioo vinne vikamwagika ndani. Mama mmoja kijana alimwinamia mtoto wake mchanga ili kumkinga, na vioo vikamwingia begani na mkononi. Nilimkandamizia kitenge chake kwenye jeraha hadi lilipopatikana gari dogo la kumrudisha Mafinga hospitalini.

Watu walioshuka pale walisimama kando ya barabara wakisema kwamba ajali haina kinga na kwamba tumshukuru Mungu kwa kutunusuru. Mimi pia nilimshukuru, na ninaendelea kumshukuru, lakini kauli ile ya kwanza siwezi kuikubali. Kila ninapopita Changarawe, hapo hapo Mafinga, ambako Machi 2015 kontena liliangukia basi na kuua watu zaidi ya 40, sithubutu kusema kwamba abiria yeyote wa basi lile angeweza kuizuia ajali. Ya Nyololo ilikuwa na kinga. Namba za simu za kutoa taarifa zilikuwa zimebandikwa juu ya kioo cha mbele, nami nilikuwa nimezitazama tangu kituo cha Ubungo, nikazisoma tena na tena, na simu ilikuwa mkononi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea namna ya kuamua, maana mtu anayesubiri kuamua akiwa tayari ameshikwa na hofu au hasira huamua vibaya. Jambo la kwanza ninalojiuliza ni kama nimeona kosa au nimeona mwenendo. Dereva yeyote anaweza kukosea mara moja, akaingia barabarani bila kuangalia vizuri au akaovateki mahali ambapo hakupaswa, kisha akashtuka na kutulia. Huyo simpigii mtu simu. Ninayemtolea taarifa ni yule ambaye amerudia, na hasa aliyeambiwa akaendelea, kwa sababu huyo ameshachagua. Hata hivyo yapo mambo ambayo sisubiri yarudiwe, nayo ni dereva kusinzia, dereva kunywa pombe, na kuovateki kwenye mlima au kona ambako haoni kinachokuja.

Usingizi ndio unaonitia hofu kuliko mwendo kasi, kwa sababu hauna kelele na abiria wengi hawautambui. Basi husogea taratibu kuelekea ukingo wa lami, kisha hurudishwa kwa mshtuko. Dereva hujipangusa uso, hufungua dirisha hata kwenye baridi ya Mufindi, hujinyoosha shingo, huongea na konda bila kupumzika, kisha hunyamaza ghafla. Safari inayozidi muda wa saa 8 inatakiwa kuwa na madereva wawili, kwa hiyo siku hizi nikipanda basi huangalia kama huyo wa pili yupo kweli na amekaa wapi. Wakati mwingine utaambiwa yupo, kumbe ni deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, atakayepandia njiani, ambaye naye ameamka alfajiri kuendesha gari jingine. Uliza mapema, kwa upole, basi likiwa bado limesimama. Swali hilo halimuudhi konda mwenye majibu.

Simu yangu ya kwanza ilitokana na usingizi huo. Ilikuwa Desemba 2023, miezi michache baada ya mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku, nasi tulikuwa tumeshaupita mji wa Mikumi, saa 7 usiku. Abiria walikuwa wamelala, konda amelala, na basi lilikwishagusa ukingo wa barabara mara mbili. Nilimwamsha konda, akageuka upande wa pili. Niliinamia mkoba wangu nikapiga namba ya RTO, yaani mkuu wa polisi wa usalama barabarani wa mkoa, iliyokuwa kwenye stika, nikasema kwa sauti ya chini namba za usajili wa basi, tulikotoka, tunakoelekea, mji wa mwisho tuliopita, na kwamba dereva anasinzia. Aliyepokea aliniuliza jambo moja tu: "Ruaha Mbuyuni mmeshapita?" Nikamwambia bado. Akasema, "Sawa, mama."

Pale Ruaha Mbuyuni askari mwenye tochi alitusimamisha na kumtaka dereva ashuke. Walizungumza kwa muda wa dakika kama tano. Kisha akaja mbele dereva wa pili aliyekuwa amelala nyuma, alama za mikunjo ya blanketi zikiwa bado shavuni, akanawa uso kwa maji ya chupa, akanywa yaliyobaki, akakaa kwenye usukani. Yeye ndiye aliyetupandisha Mlima Kitonga. Baadhi ya abiria walinung'unika kwamba kuna mnoko anawachelewesha, na konda alipita katikati ya viti akitutazama usoni mmoja mmoja. Sikujitaja, wala sioni kwamba nilipaswa kujitaja. Anayetoa taarifa ana haki ya kufika kwake salama, na kama kunyamaza baada ya simu ndiko kunakomlinda, na anyamaze.

Simu ya pili nilikosea, na ninaieleza kwa sababu naona wengi wanaweza kukosea kama mimi. Nilikuwa kwenye Coaster kutoka Makambako kwenda Njombe, dereva akiyumba, akitoka jasho, macho mekundu, akijibu watu kwa ukali. Nikapiga simu na kusema dereva amelewa. Tulipofika stendi askari walikuwa wakimsubiri na kipimo cha ulevi. Alipuliza mara mbili mbele ya watu, na hakikuonyesha pombe hata kidogo. Alikuwa na homa kali, na baadaye nilisikia kwamba ilikuwa malaria. Kumwondoa kwenye usukani kulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa mtu wa hali ile hapaswi kubeba watu. Lakini neno "mlevi" lilikuwa limeshatangulia, na wapiga debe waliendelea kumwita hivyo alipokuwa ameketi kwenye benchi akitetemeka. Nilimfuata nikamwomba radhi. Tangu hapo ninasema nilichoona na si nilichokisia: gari linayumba, dereva ameingia upande usio wake mara tatu, anatoka jasho. Kuchunguza sababu ni kazi ya askari, na maneno ya namna hiyo humsaidia kuliko hukumu yangu.

Wako wanaosema hakuna haja ya kupiga simu kwa sababu askari na konda watamalizana. Siwezi kuwapinga kwa kusema halijawahi kutokea. Katika simu yangu ya tatu, basi lilisimamishwa, konda akashuka na kuzungumza na askari nyuma ya gari, akarudi, tukaendelea kwa mwendo ule ule. Nilichofanya ni kupiga tena, mara hii LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, nikaeleza tukio la kwanza pamoja na mahali na saa tuliposimamishwa. Tofauti ya milango hii miwili inafaa kueleweka. Hatari inayoendelea dakika hiyo ni ya polisi, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kulisimamisha gari, na namba ya dharura ya 112 ipo hata kama huna nyingine. Tabia ya basi, yaani kampuni ambayo kila ukipanda hali ni ile ile, ipeleke LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni ya kusafirisha abiria, na kumbukumbu za kile kifaa cha mwendo zinafika kwao. Konda anaweza kuzungumza na askari nyuma ya gari, lakini mwendo uliokwisha kurekodiwa haufutiki kwa mazungumzo hayo.

Kuhusu riziki, nimelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa kaka yangu mwenyewe aliwahi kuendesha daladala na ninajua namna hesabu ya tajiri inavyomkimbiza mtu tangu alfajiri. Faini ya kosa la barabarani, shilingi 30,000, inauma. Lakini dereva ndiye anayekaa mbele kuliko sote. Yule aliyekuwa akisinzia usiku ule wa Kitonga alilala viti vya nyuma akafika Makambako mzima. Na mara nyingi shinikizo linatoka kwa mmiliki anayemtaka awahi kugeuza gari, na mmiliki huyo hataguswa kamwe ikiwa abiria wote tutashuka kwenye vituo vyetu na kusahau. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi ndugu madereva wa magari madogo waiache ile desturi ya kuwashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi, yaani askari mwenye kipima mwendo. Tunadhani tunamsaidia mwenzetu, kumbe tunamsaidia pia yule anayekimbia akiwa hana breki nzuri.

Upo pia ushauri ambao sikuupata kwa mtu, nimejifunza kwa kufanya. Kabla basi halijaondoka, hakikisha namba za usajili zilizo kwenye tiketi ndizo zilizo kwenye gari, kwa kuwa mabasi hubadilishwa dakika za mwisho, ukaja kutoa taarifa za gari lililobaki stendi. Andika nyuma ya tiketi namba za kupiga. Usisimame karibu na dereva ukimrekodi kwa simu, kwa maana utamvuruga akili, na konda anaweza kukunyang'anya. Kama umerekodi ukiwa kitini, mpe askari kwanza. Nimeona video nyingi zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku mbili baada ya safari, zikiwa zimetazamwa na maelfu, wakati dakika ile ya hatari hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Na ukiwa na dereva wa pili anayesikiliza, anza na yeye kabla ya polisi. Mara mbili nimefanya hivyo, na mara zote mbili alikwenda mbele akamwambia mwenzake maneno mawili tu, wakabadilishana kituo kilichofuata, sikuhitaji kupiga.

Oktoba iliyopita binti yangu alikwenda kuanza chuo Dar es Salaam, safari yake ya kwanza bila mtu mzima. Stendi ya Makambako nilichukua tiketi yake, nikaigeuza, nikamwandikia namba nne: 112, ya LATRA, ya RTO na yangu. Nikamwelekeza cha kusema na kwa mpangilio gani. Alisikiliza, kisha akauliza lile swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza mtu: "Mama, na wakijua ni mimi wakanishusha porini?" Nilimwambia apige akiwa ameinama, asijitaje, na asiteremke mahali pasipo na watu hata wakimfokea. Nikamwambia pia kwamba wakimshusha Ilula, wakimshusha Ruaha Mbuyuni, wakimshusha Mikumi, anipigie, nami nitapanda gari la kwanza nimfuate. Akaikunja tiketi, akaitia kwenye kasha la simu yake, akapanda.