Unaanza kumhudumia mzee nyumbani? Anza na njia ya chooni

Ukipewa kazi ya kukaa na mzee hapa Dar es Salaam, iwe ni ya mshahara kule Mbezi au ni bibi yako mwenyewe hapo Mbagala, usikimbilie kufua na kupika; kwanza hakikisha haanguki. Usiku wa kwanza sikiliza anaamka mara ngapi kwenda haja na anapita wapi. Asubuhi kagua kuta za njia hiyo. Pale rangi ilipochakaa na kuingia weusi wa viganja ndipo anaposhika kila siku, na ndipo panapotaka chuma cha kushikia. Mzee ameshakuchorea ramani, wewe isome tu.

Kwenye njia yenyewe ondoa mkeka unaokunja pembe, waya wa feni uliokatiza chumba, na ndala zilizolika soli. Kanga ya kulalia isivuke vifundo vya miguu. Umeme ukikatika giza huingia ghafla, kwa hiyo weka ile taa ya kuchaji inayowaka yenyewe umeme ukienda, karibu na kitanda. Tochi ya simu haitoshi, maana inamnyima mkono mmoja wa kushikia.

Mfundishe kutosimama moja kwa moja kutoka kulala. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame huku ameshika kitu. Presha ya wazee hushuka wanapoinuka ghafla, na wanaotumia dawa za presha au za usingizi ndio zaidi. Kama anameza dawa ya kukojoza jioni, huenda hiyo ndiyo inayomwamsha usiku kucha. Kliniki waulizwe kama inaweza kuhamia asubuhi. Usimbadilishie mwenyewe.

Bafuni ndiko kwenye kazi kubwa. Chuma cha kushikia usinunue cha kunata ukutani, kinabanduka siku kinapohitajika. Mwambie fundi wa kuchomelea akate bomba la chuma la maji la inchi moja. Kwa nje lina unene wa milimita 33 hivi, na kiganja hulizunguka vizuri. La inchi moja na robo ni nene mno kwa vidole vyenye baridi yabisi. Kati ya bomba na ukuta iwepo nafasi ya sentimita 4, vidole vipite lakini mkono usizame. Kwa wengi kimo cha sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni kinafaa, ila mpime mzee mwenyewe akiwa amekaa na akiwa anainuka, kabla ukuta haujatobolewa.

Kinachoharibika hapa ni ufungaji. Tofali nyingi za mitaani zina mchanga mwingi na saruji kidogo, na skrubu yenye plagi ya plastiki hushika plasta tu. Dai boliti zinazopenya ukuta mzima, upande wa pili ziwekewe kibati kipana kabla ya nati. Fundi akimaliza, ning'inia hapo wewe kwa uzito wako wote. Kikicheza hata kidogo, asiondoke.

Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi huyohuyo anaweza kutengeneza kiti cha chuma chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hivi, chenye mikono pembeni na raba miguuni. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu tunakikataa kabisa: kwenye marumaru yenye maji miguu yake hupanuka na mzee anakwenda nacho chini. Ndoo ya kuogea isikae sakafuni, maana kila kopo ni kuinama. Iweke juu ya kibao kigumu, usawa wa magoti yake akiwa amekaa, nusu ndoo inatosha.

Mlango wa bafu nao tazama unafunguka upande gani. Ukifungukia ndani, mzee akianguka mwili wake ndio unaouziba. Hamisha bawaba ufungukie nje, na komeo la ndani litoke. Yeye aoge mwenyewe, wewe kaa nje ya mlango. Ukimwogesha mtu anayeweza kuoga, nguvu za mikono na miguu zinapungua haraka, na heshima yake pia. Uliza kwanza: "Bibi, nikushike au utainuka mwenyewe?" Akihitaji mkono, mpe wako aushike, usimvute kwa kwapa, bega la mzee huteguka kirahisi. Kuinuka na kukaa kwenye kiti kigumu mara tano hadi kumi, asubuhi na jioni, kunaimarisha mapaja kuliko kumchua.

Fimbo: akiwa amevaa viatu na mkono umening'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, yaani hapo pa kuvalia saa. Hushikwa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu. Wengi wanabisha, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna jambo ambalo mzee hatakwambia: wengi hujinyima maji makusudi ili safari za chooni zipungue. Joto la Desemba hadi Machi likimkuta hivyo, anapata kizunguzungu na anaanguka kwa sababu ya kile alichokuwa anakikwepa. Maji mengi ayanywe kuanzia asubuhi mpaka alasiri, usiku kidogo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari.

Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamidi akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka mno: usisubiri kipimo. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, rudia baada ya dakika 15 kama hajarudi sawa, kisha ale. Asiyeweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mpeleke hospitali.

Na akianguka, usimwinue papo hapo. Muulize anaumwa wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na wayo umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: mwache alale hapo, mfunike, tafuta gari ambalo atalazwa, si bajaji. Akigonga kichwa naye anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ni hospitali hata kama anacheka. Akiwa mzima, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti, atangulize mguu wenye nguvu na ainuke mwenyewe. Kitambulisho chake, kadi ya kliniki na pakiti za dawa vikae kwenye mfuko mmoja nyuma ya mlango. Kwenye dirisha la wazee hospitalini ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.