Maswali Yenu: Mbona Nafika Uwanjani Nikiwa Bado Juu?

SWALI: Narusha Boeing 737 kwenye simulata (programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji ndege). Zikibaki maili 8 najikuta futi 6,000 juu ya uwanja, na mwendo haushuki hata nikipunguza msukumo wote wa injini. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa lilifanyika maili mia moja nyuma: umechelewa kuanza kushuka. Toa kimo cha uwanja kwenye kimo ulichopo, gawa kwa elfu, zidisha kwa tatu. Ukiwa futi 35,000 na uwanja uko futi 2,000, una futi 33,000 za kupoteza, yaani maili 99 za baharini. Wengi huishia hapo, ndipo wanapoumia. Ndege inataka pia nafasi ya kupunguza mwendo, takriban maili 1 kwa kila noti 10 (noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa). Kutoka noti 280 hadi 140 ni maili 14 nyingine, basi anza kwenye maili 113. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, anza mapema zaidi. Na maili hizo zihesabu kwenye njia utakayoipita pamoja na kona zake. Ule mstari ulionyooka mpaka uwanjani hukudanganya.

Kiwango cha kushuka ni mwendo wako juu ya ardhi mara 5: noti 450 hukupa futi 2,250 kwa dakika. Usikiweke ukakisahau, maana ukifika noti 300 unahitaji 1,500 tu. Otopailoti (mfumo unaorusha ndege wenyewe) huwaponza watu hapa. Ukiiamuru ishike futi kadhaa kwa dakika, itazishika hata mwendo ukipanda mpaka kengele ilie. Afadhali modi inayoshika mwendo, msukumo wa injini ukiwa umepunguzwa kabisa, pua ya ndege ijirekebishe yenyewe.

Ndege hizi huteleza mno hewani, hivyo kushuka na kupunguza mwendo kwa pamoja ni vigumu. Kwa sheria za Marekani usipite noti 250 chini ya futi 10,000. Ukikaribia kimo hicho, punguza ushukaji hadi futi 500 kwa dakika, subiri mwendo uanguke, kisha endelea. Spoila (vibao vinavyoinuka juu ya mabawa kuvunja mwendo) hukamata zaidi mwendo ukiwa mkubwa, kwa hiyo zitumie mapema, na uzikunje kabla ya kuongeza msukumo.

Jipime njiani: futi 10,000 juu ya uwanja uwe takriban maili 40 na noti 250, na kwenye futi 3,000 uwe maili 10 na noti 180, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zimeanza kutoka. Ukiona uko juu kuliko hivyo, zunguka upoteze kimo. Kuteremsha magurudumu mapema nako husaidia, ila angalia kwanza kikomo chake cha mwendo.

SWALI: Mwongozaji ndege wa mtandaoni ananiambia nimetoka kwenye kimo changu, ilhali altimita (kipimo cha kimo) yangu inaonyesha sawasawa.

JIBU: Hujabadilisha shinikizo la hewa lililowekwa kwenye altimita. Kila hektopaskali 1 (kizio cha shinikizo) ni karibu futi 27 hadi 30. Ukishuka na 1013 mahali penye 1003, altimita inasoma futi 5,000 na wewe uko kama 4,700, na kwenye milima hilo halichekeshi. Marekani unaweka 1013 (au 29.92 kwa inchi) ukipita futi 18,000 ukipanda, kwingineko kimo hicho huwa tofauti, kimeandikwa kwenye chati ya uwanja. Katika Microsoft Flight Simulator herufi B hukuwekea shinikizo, lakini ibonyeze tena ukishuka.

SWALI: Nikipanda na noti 290, huko juu mwendo unajishukia. Ni hitilafu?

JIBU: Hapana. Karibu na futi 30,000 ndege huacha kufuata noti na kuanza kufuata Mach, yaani mwendo ukilinganishwa na wa sauti, kwa 737 kama 0.78. Ukiendelea kupanda na Mach ileile, noti zinapungua: kwenye futi 35,000 utaona takriban 265. Ukilazimisha 290 huko, utavuka kikomo cha Mach.